Mbwa Asiyeitika Kafundishwa na Nani?

Wadau, leo naweka siasa pembeni. Nataka kuzungumzia mbwa.

Niko Kigombe, huku kwetu Tanga, njia ya kwenda Pangani. Jioni maji yakipwa ufukwe unakuwa mpana na kila mtu yuko pale. Wavuvi wanashusha samaki, kina mama wanarudi na pweza, watoto wanacheza mpira, wazee wanajiandaa kwa magharibi. Siku hizi wapo na vijana wenzetu wanaotembeza mbwa bila kamba. Kwa hilo sina ugomvi. Ugomvi wangu unaanza pale mbwa anapochomoka na mwenyewe anaita "Simba! Simba! Simba!" mpaka sauti inamkauka. Simba huyoo, kashafika kwenye ndoo ya samaki ya watu. Halafu mwenye mbwa anacheka: "Msiogope, haumi huyo."

Jamani! Nani kakuuliza kama anauma?

Pwani hii wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Mbwa aliyelowa akikugusa nguo, pale alipogusa panaoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mzee wa watu keshatia udhu, sala imekaribia, wewe unamwambia haumi. Na mtoto aliyesikia habari za kichaa cha mbwa lazima atimue mbio, na mbwa akiona kitu kinakimbia anakifukuza. Baada ya hapo ni mawe. Mbwa anavunjwa mguu, pengine anauawa kabisa, wakati kosa lake ni kutojua maana ya "njoo".

Kuna watakaosema mbwa wetu wa kienyeji hawafundishiki. Haya, twende Morogoro. Pale SUA, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini. Panya akifanya sawasawa anasikia mlio mdogo, kisha anapewa kitu kitamu kama kipande cha ndizi. Magawa, aliyezaliwa hapo mwaka 2013, alipelekwa Kambodia, na hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu. Panya huyo, wadau! Leo mbwa wa Kigombe ashindwe kuitika?

Sikilizeni mbwa anaitwa lini kwenye nyumba zetu. Anaitwa kufungwa mnyororo. Anaitwa kuingizwa bandani. Anaitwa kuchapwa, na akichelewa kuja anachapwa kwa kuchelewa. Yeye hajui kwamba fimbo ni ya kuku aliyemkimbiza dakika kumi zilizopita. Anachojua ni kwamba alikuja, akapigwa. Kesho haji. Mimi hapo namwona ana akili kuliko bosi wake.

Kumfundisha kunataka subira zaidi ya hela. Tafuta kamba ya katani ya mita kumi hivi (mwana Tanga utakosaje katani?) na mfuko wa dagaa wakavu. Anzia uani. Mwite mara moja tu, kwa sauti ya furaha. Akija, dagaa papo hapo, msifu, kisha mwachie arudi kwenye michezo yake. Hili la kumwachia ndilo watu wanalisahau. Ukimwita wakati wa kurudi nyumbani tu, anajifunza kuwa "njoo" ni mwisho wa starehe. Asipokuja, usimfukuze, maana ataona ni mchezo; kimbia wewe upande wa pili, mara nyingi atakufuata. Kama bado, vuta kamba taratibu. Akishaweza uani, nenda ufukweni alfajiri kabla watu hawajajaa, kamba ikiwa bado ipo. Ni kazi ya wiki nyingi, kwa mwingine ni miezi. Na kama "njoo" yako imeshanuka fimbo, iache, chagua mluzi uanze upya.

Wapo pia wanaosema mambo haya ni ya Kizungu. Si kweli. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha windo la mnyama aliyefundishwa, na mafakihi wakaweka sharti za huyo aliyefundishwa. Mojawapo ni kwamba akitumwa anakwenda, akizuiwa anaacha. Kipimo hicho ni cha karne nyingi, na mbwa wengi ninaowaona hapa ufukweni wangefeli asubuhi na mapema.

Mpaka afaulu, kamba ibaki shingoni, na chanjo ya kichaa cha mbwa achomwe kila mwaka. Najua kuna vijana wanaona haya kushika kamba, eti mbwa wao ataonekana mshamba. Shauri yenu.

Ila dagaa waosheni kwanza. Wale wa chumvi nyingi watamfanya atafute maji njia nzima, na hapo hata umwite vipi hakusikii.