Bugala na Ijilishe

Katika visiwa 84 vya wilaya ya Kalangala, Uganda, Bugala ndicho kikubwa kupita vyote. Tangu katikati ya miaka ya 2000 maelfu ya ekari za msitu wake zimefyekwa zipandwe michikichi. Fedha imeingia, sikatai. Lakini mawese peke yake si chakula, na mvuvi atakausha samaki kwa kuni gani? Rai yangu, kila mwenye michikichi aamriwe kuacha sehemu ya shamba apande mihogo na ndizi, ili kivuko kikikwama watu wasilale njaa. Tena mvua inyeshapo mbolea hushuka ziwani, kwenye mazalio ya samaki. Basi ile kanuni ya mwaka 2000, ya kuacha mita 200 kutoka ukingo wa Ziwa Viktoria, ishikwe barabara, hata kwa matajiri.