Usiniambie wa Kwanza Anabeba Ngapi, Niambie wa Mwisho Anarudi Nyumbani na Nini

Kila nikimwonyesha msee video ya magari ya sprinti, swali ni moja: "Na huyo mshindi anabeba ngapi?" Hakuna hata mmoja ashawahi kuniuliza yule wa 24 anabeba ngapi. Na stori yote ya pesa za huu mchezo iko hapo.

Msimamo wangu niuweke mapema ndio tusizungushane. Pesa ya mshindi ni tangazo. Pesa ya wa mwisho ndiyo mshahara. Ukitaka kujua kama mashindano yanawajali wanaoyacheza, orodha ya malipo isome kutoka chini kwenda juu.

Kwa wageni kwanza. Hii si rally ya Naivasha. Gari la sprinti ni kagari kadogo, wazi, halina hata kioo cha mbele, na juu limebebeshwa bawa kubwa kama meza. Daraja la juu lina injini ya inchi za ujazo 410, yaani karibu lita 6.7, inayotoa nguvu za farasi kama 900. Gari lenyewe pamoja na dereva ni kama kilo 650. Probox tupu ni nzito kuliko hilo! Linakunywa methanoli, linakimbia kwenye uwanja mdogo wa mviringo wa udongo, na linakata kona upande wa kushoto usiku kucha. Nyumbani kwake ni Marekani, hasa miji midogo ya Iowa, Ohio, Pennsylvania na huko kote. Ukitaka kuona fainali ya Knoxville moja kwa moja ukiwa Nairobi, unaamka Jumapili alfajiri, juu kwao bado ni Jumamosi usiku.

Sasa, hizo pesa zinapangwaje? Watu hudhani kuna ofisi fulani imekaa ikaamua kipaji kina thamani ya shilingi ngapi. Hakuna kitu kama hicho. Kuna promota, yaani mwenye uwanja ama aliyeukodisha, amekaa na kalkuleta miezi kadhaa kabla ya mbio. Anajumlisha vitu vitatu vinne: tiketi za mashabiki, pasi za wale wanaoingia upande wa magari na mafundi, chakula na vinywaji, wadhamini, na siku hizi pesa za kuonyesha mbio kwa intaneti. Halafu anatoa: bima, ambulensi, wafanyakazi, kazi ya kumwagilia na kutengeneza udongo, na malipo kwa ligi inayomletea madereva wenye majina. Kinachobaki anakikata, kingine chake, kingine kapu la madereva.

Na usimwonee promota. Huo uwanja ni wa udongo. Mvua ikinyesha saa kumi na mbili jioni, show imeisha kabla ianze, na gharama nyingi tayari zimelipwa. Mtu anayebeba hatari ya aina hiyo lazima awe mwoga kidogo akipanga pesa.

Kapu likishajulikana, swali la pili ndilo la maana: linagawanywa vipi? Usiku wa kawaida kuna kupima kasi, kuna michujo, kuna mbio ya nafasi ya mwisho kwa walioanguka, halafu fainali yenye magari kama 24. Kila nafasi ya fainali imewekewa bei yake mapema. Kwa hivyo tangazo la mbio huwa na namba mbili: ya kushinda na ya kuanza tu. Ile ya kushinda inaandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango. Ile ya kuanza mara nyingi utaitafuta na tochi.

Hebu tupige hesabu ya mfano, namba zangu mwenyewe. Kapu ni dola 60,000, magari 24. Promota wa kwanza anampa mshindi 30,000. Wale 23 wanabaki na 30,000, yaani wastani wa kama 1,300 kila mmoja. Promota wa pili anampa mshindi 15,000. Wale 23 wanagawana 45,000, wastani unapanda hadi kama 1,950. Kapu ni lile lile, hakuna aliyeongeza hata senti. Lakini bango la kwanza linapiga kelele mara mbili, na bango la pili linalipia watu mafuta ya kurudi nyumbani.

Na hayo mafuta si mchezo. Injini moja ya 410 inapita dola 50,000. Tairi la nyuma la kulia linaweza kuisha usiku mmoja. Kuna lori la kubeba gari kutoka jimbo hadi jimbo, kuna mafundi wanaokula na kulala. Dereva naye, kama gari si lake, mara nyingi anapata asilimia tu ya kile gari limeshinda. Ligi kubwa, World of Outlaws, ina mbio zaidi ya 70 kwa msimu, na kwa miaka mingi usiku wake wa kawaida ulimlipa mshindi dola 10,000. Sasa wewe ukimaliza wa 15 usiku baada ya usiku, hebu niambie unaishi na nini.

Hapo ndipo mtu ataniambia, "Lakini si kuna ile milioni?" Iko, na ni tamu. Julai 2023, uwanja wa Eldora kule Ohio ulilipa mshindi mmoja dola 1,002,023. Hizo 2,023 za mwisho ni mwaka wenyewe. Kwa pesa yetu hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 100 kwa usiku mmoja. Aliyeshinda ni Logan Schuchart, na hakutoka timu ya matajiri. Anakimbia na Shark Racing, timu ya familia ya babu yake, Bobby Allen, ambaye mwenyewe alishinda Knoxville Nationals mwaka 1990.

Watu wanaisoma hiyo stori kama ushahidi kwamba zawadi kubwa ndiyo inawainua wadogo. Mimi naisoma kinyume. Schuchart na mjomba wake Jacob Allen walianza kukimbia msimu mzima wa World of Outlaws mwaka 2014, na ushindi haukuja haraka. Kutoka hapo hadi ile milioni ni miaka tisa. Timu ya familia haiwezi kuishi miaka tisa kwa ndoto ya milioni. Inaishi kwa malipo ya nafasi ya 12, ya 17, ya 21, pamoja na wadhamini wadogo wanaoitwa kwa simu moja baada ya nyingine. Ukikata pesa ya chini ndio unenepeshe ya juu, timu kama hiyo inafunga gereji mwaka wa tatu. Siku ya milioni ikifika, haiko.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito, na sitaikimbia. Hakuna shabiki anayenunua tiketi juu wa 20 ameongezwa dola 500. Na hiyo 500 ukiwapa watu 20 ni 10,000 nzima, pesa ambayo ingempa mshindi bango la maana. Promota anasema: namba kubwa inajaza viti, viti vinajaza kapu, kapu linalisha wote. Earl Baltes, mwanzilishi wa Eldora, aliijua hii kitambo. Kings Royal ya kwanza mwaka 1984 ilimpa mshindi dola 50,000, na mwaka 2001 akamlipa Donnie Moran dola milioni moja kwa mbio ya aina nyingine ya magari. Watu bado wanaongea.

Nakubali nusu. Namba kubwa inaleta watu mara moja, mara mbili kwa mwaka. Lakini Jumamosi ya kawaida, kinachomrudisha shabiki ni kuona magari yakipigania kila kona. Kama madereva wa katikati wamefilisika na fainali ina magari 13, hata umpe mshindi dhahabu, hiyo ni gwaride. Pesa ya chini ndiyo inayonunua umati wa magari, na umati wa magari ndio bidhaa yenyewe.

Tena angalia nani hasa husukuma bei ipande. Si huruma ya mtu, ni miguu ya madereva. Kabla ya 1978 kulikuwa na madereva waliokataa kufungwa na chama chochote. Walizunguka nchi wakikimbia popote palipolipa zaidi, wakaitwa wahalifu. Ted Johnson akawakusanya mwaka huo, akaunda World of Outlaws, na jina la matusi likawa jina la ligi. Ukifikiria vizuri, huo mchezo wa kisasa ulianza na watu waliojua kusema, "Hapa mnalipa vibaya, naenda kule."

Miaka 45 baadaye mambo yakajirudia. Kyle Larson na shemeji yake Brad Sweet wakaanzisha ligi yao, High Limit. Mwaka 2023 walianza na mbio chache za katikati ya wiki, mwisho wa mwaka huo wakanunua ligi ya All Star kutoka kwa Tony Stewart, na 2024 wakawa ziara nzima ya kitaifa. Sweet alikuwa ameshinda ubingwa wa World of Outlaws miaka mitano mfululizo, 2019 hadi 2023. Akaondoka nao. World of Outlaws nayo ikatangaza nyongeza za malipo kwa msimu wa 2024. Nyuma ya kila ligi kuna jukwaa la kuonyesha mbio kwa intaneti, DIRTVision upande mmoja, FloRacing upande mwingine, na kila jukwaa linataka magari bora kwa skrini yake. Madereva hawakuwa wameamka na kasi mpya hiyo Januari. Walikuwa tu na mlango wa pili wa kutokea.

Mahali ambapo watu hawawezi kukataa kuja, bei inalala. Angalia Chili Bowl, mbio za ndani ya ukumbi kule Tulsa kila Januari, za midget, magari madogo ambayo ni ndugu wa sprinti. Magari zaidi ya 300 yanajitokeza, na kwa miaka mingi mshindi alipata dola 10,000 tu. Kwa nini? Juu kila mtu anataka jina. Kama wewe ni wa kizazi chetu, hiyo lugha unaijua: "Njoo tu, hatuna bajeti, lakini utapata kuonekana." Mimi ninayeishi kwa kontenti nimeisikia hadi kwa ndoto. Kuonekana hakununui tairi, na huku kwetu hakulipi rent.

Kwa hivyo nataka nini? Mambo mawili tu, na hakuna la kuvunja benki ya promota. Kwanza, namba mbili ziandikwe kwa ukubwa sawa kwenye bango: ya kushinda na ya kuanza. Pili, kapu likikua, nyongeza ya kwanza iende chini, hadi anayemaliza wa mwisho kwenye fainali awe amelipa matairi na mafuta ya safari. Baada ya hapo mshindi apewe hata milioni mbili, nitapiga makofi. Na hili si jambo la ndoto. Knoxville Nationals, iliyoanza 1961 na ambayo mwaka 2019 ilimlipa David Gravel dola 150,000, huwalipa hata wanaoishia kwenye fainali za chini, wale ambao hawakufika mbio kubwa ya Jumamosi. Na magari yanaendelea kuja kila Agosti. Si miujiza.

Najua wengi wenu hamtawahi kuona udongo wa Iowa. Lakini wiki hii utaona bango la mashindano fulani hapa kwetu, ya densi, ya gemu, ya video fupi, na namba moja kubwa katikati. Kabla ujisajili, waulize waandaaji swali moja: aliyefika fainali akashindwa anaondoka na nini? Wakikosa jibu, ujue ile namba kubwa imewekwa ya kukuita tu, na nauli ya kurudi ni yako.