Mbwa mwenye sura mbaya atoke kabatini

Wenzangu wanafunzi, na nyinyi waalimu wetu, ninaomba tuzungumzie kitabu kimoja cha watoto. Kinaitwa Cabot-Caboche. Kiliandikwa na Daniel Pennac na kutolewa Ufaransa mwaka 1982. Nakala yake moja nimeikuta katika shule ambako nilifanya staji, imefungiwa kabatini pamoja na kamusi na madaftari ya zamani. Maoni yangu ni haya: kitabu hiki kitolewe, kisomwe mbele ya watoto kwa sauti, na kisitungiwe mtihani.

Kwa wale ambao hawajakisoma, hadithi ni hii. Mbwa, ambaye hana jina lingine ila Mbwa, amezaliwa na sura mbaya. Watu wanataka kumzamisha majini angali mtoto, lakini anapona. Analelewa jalalani na mbwa jike mzee aitwaye Gueule Noire, naye ndiye anayemfundisha kuishi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa huyu ulikuwa takataka. Baadaye anakamatwa na kufungiwa pamoja na mbwa wengine wasio na mwenyewe. Huko msichana mmoja, Pomme, anamchagua. Lakini Pomme naye ana vituko na makelele, na baada ya muda anamchoka. Mbwa anaondoka nyumbani, anapata marafiki wa njiani, mmoja wao anafanana na fisi. Tangu hapo swali la kitabu ni moja: kati ya mtu na mbwa, nani anamfunza mwenzake adabu?

Tunajua hadithi nyingi za viumbe wenye sura mbaya. Ile ya Andersen ya mwaka 1843, ya mtoto wa bata aliyechekwa na wenzake, inaishia kwa yule bata kugundua kwamba yeye ni ndege mwingine, tena mzuri kuliko wote. Mbwa wa Pennac hageuki kuwa kitu kingine. Anabaki na sura ileile. Kinachobadilika ni namna wengine wanavyoishi naye. Kwa mtoto wa shule zetu, hasa aliyerudia mwaka mara mbili, naona hadithi ya pili ina ukweli zaidi. Huyo hahitaji kuahidiwa kwamba siku moja ataamka akiwa wa kwanza darasani. Anahitaji kusikilizwa leo, na pointi zake zilezile.

Tuangalie jina la kitabu, maana ni kazi yetu sisi watu wa lugha. Kwa Kifaransa cha mitaani, « cabot » ni mbwa anayetajwa kwa dharau, na « caboche » ni kichwa, mara nyingi kile kisichosikia. Ningelazimika kulitafsiri, ningesema Imbwa Kichwa-Ngumu. Na hapo ndipo kitabu kinaingia nyumbani kwetu. Kumwita mtu « imbwa » ni tusi zito, kila mmoja wetu analijua. « Kichwa ngumu » nalo ni jina ambalo waalimu wengi wanawapa watoto wanaochelewa kuelewa, tena mbele ya darasa zima. Mwandishi ameweka matusi hayo mawili juu ya jalada, kisha akampa mwenye kutukanwa nafasi ya kutuonyesha dunia kwa macho yake.

Pennac alijua anachokisema. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi mbaya. Ameeleza miaka hiyo katika Chagrin d'école, kitabu kilichopata tuzo ya Renaudot mwaka 2007.

Nilipokuwa staji, nilisoma sehemu ya jalala kwa Kifaransa katika mwaka wa saba, nikaieleza kwa Kiswahili. Neno « fourrière » liliwachanganya: kwetu furiere ni mahali polisi wanapopeleka gari na pikipiki. Tulicheka, tukaendelea. Kisha kijana mmoja wa nyuma, ambaye hakuwahi kuinua mkono, akauliza: « Sasa ile imbwa, ni nani alisema ni mubaya? » Hilo ni swali la mtazamo katika hadithi. Sisi hapa tunalisomea muhula mzima. Yeye alilifikia kwa dakika kumi, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamhesabia pointi na kwa sababu aliruhusiwa kuuliza kwa lugha yake.

Nimesikia vizuizi vitatu. Wa kwanza wanasema kitabu ni cha Ufaransa, tusome vya kwetu. Ninakubali kwamba Zamenga Batukezanga anastahili kuwa katika kila shule ya Kongo. Lakini Zamenga akikosekana kabatini, si sababu ya kumfungia Pennac humo.

Wa pili ni wazazi. Wanaogopa kwamba mtoto atawasogelea mbwa wa barabarani, na kichaa cha mbwa kinaua. Hofu hiyo ni ya haki. Basi mwalimu atumie nafasi hiyo kusema wazi: mbwa usiyemjua usimguse, akikuuma, osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15, kisha uende hospitali mara moja upate chanjo. Bila kitabu hiki, mtoto atayasikia hayo siku gani?

Wa tatu ni waalimu wanaosema nakala moja haitoshi darasa lililojaa. Kwa mtihani haitoshi. Kwa sauti ya mtu mmoja anayesoma vizuri, inatosha. Katika Comme un roman, mwaka 1992, Pennac anatetea kusoma kwa sauti, na kati ya haki kumi anazompa msomaji, ya kwanza ni haki ya kutosoma. Mtoto asiyetaka kusikiliza aachwe atulie. Wengi watasikiliza.

Kuhusu Kiswahili, tusiogope. Katiba ya 2006 inakitaja kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha hizo kutumiwa katika kufundisha. Kueleza ukurasa wa Kifaransa kwa Kiswahili hakuharibu Kifaransa. Kunampa mtoto mahali pa kusimama anapojifunza.

Ninapendekeza mambo mawili kwa kitivo chetu. Kila mwanafunzi anayeenda staji achukue dakika kumi, siku moja kwa juma, asome riwaya ya watoto iliyomo katika maktaba ya shule, bila maswali ya pointi. Na katika somo la tafsiri, waalimu wetu watupe sura moja ya Cabot-Caboche tuifanyie zoezi, tuone Mbwa anasemaje Kiswahili cha hapa. Kwa sasa kinachohitajika kwanza ni ufunguo wa kabati. Tukifika shuleni, tuuombe kwa prefe siku ya kwanza.