Inchi Yetu: Kuitetea Albamu Iliyotupwa ya Remmy Ongala

Wapenzi wa muziki wa dansi wanamsifu marehemu Dk. Remmy Ongala kwa pumzi moja, lakini wakifika kwenye albamu ya Mambo pumzi inakata. Songs for the Poor Man, iliyotolewa na lebo ya Real World ya Uingereza mwaka 1989, kila mtu anaitaja. Mambo, iliyotolewa na lebo hiyohiyo mwaka 1992, inatajwa kwa kuinua bega: "Hapo mzee alikuwa anawaimbia Wazungu." Nimeyasikia maneno haya bwenini, barazani, hata kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili ambao hawajawahi kuisikiliza mpaka mwisho. Nayapinga. Nadai kwamba Mambo inastahili kusikilizwa upya, na sisi tunaosoma Kiswahili tuna sababu ya ziada ya kufanya hivyo, kwa kuwa hukumu iliyotolewa dhidi yake ndiyo tunayoitoa kila siku dhidi ya wasemaji wa lugha hii.

Kwanza tumkumbuke mwenyewe. Remmy alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akawa kiongozi wa Super Matimila. Aliimba kuhusu kifo, umaskini na unyonge. Alipoimba "Mambo kwa Soksi", akihimiza kondomu wakati Ukimwi unateketeza watu, Radio Tanzania haikuupiga wimbo huo, na watu wakausikia kwingine. Alifariki Dar es Salaam Desemba 2010. Mpaka leo kituo cha daladala pale Sinza kinaitwa Kwa Remmy. Mji ulimpa mgeni huyu mahali palipo na jina lake.

Sasa mashtaka. La kwanza ni Kiingereza. Ni kweli kwamba albamu ina nyimbo zenye majina kama "One World", "No Money, No Life" na "I Want to Go Home". Lakini albamu inayosifiwa kwa usafi wake, ile ya 1989, nayo ina jina la Kiingereza juu ya jalada na ilitolewa na Waingereza walewale. Mbona hiyo haikuitwa usaliti? Tena nusu ya Mambo ina majina ya Kiswahili: "Dole", "Kidogo Kidogo", "Mrema", "Inchi Yetu". Mtu anayewaimbia Wazungu tu angeweka kwenye albamu wimbo wenye jina la waziri wa mambo ya ndani wa Tanzania? Msikilizaji wa London angemjua Mrema kutoka wapi? Remmy alikuwa anasema na watu wawili kwa wakati mmoja, jirani yake wa Sinza na mgeni aliyemkuta ughaibuni. Mtu wa pwani hashangai. Sokoni kwetu muuzaji hubadili lugha mara tatu kabla hajafunga mzigo wa samaki mmoja, na hakuna anayemwambia amewasaliti samaki.

Shtaka la pili ni sauti. Wanasema studio imelisafisha gitaa mno, jasho la ukumbi halisikiki. Hapa nawapa haki yao kidogo. Anayetaka Matimila ya ukumbini usiku wa manane hataikuta hapa. Lakini kusafishwa si kufa. Magitaa bado yanajibizana, saksafoni bado inaingia kama mtu aliyechelewa kikao na ana neno la kusema, na sauti ya Remmy bado inakwaruza. Isitoshe, kwenye albamu ile ya 1989 yeye mwenyewe aliweka wimbo unaoitwa "Muziki Asili Yake Wapi". Alikwisha kuuliza swali. Wanaomdai arudi kwenye asili wajibu kwanza hilo.

Shtaka la tatu halisemwi kwa sauti, nalo ndilo linalonihusu. Ni kwamba Kiswahili chake kimepinda. Tazama jina la wimbo "Inchi Yetu". Mwanafunzi mwenzangu alicheka alipoliona: hata nchi hajui kuiandika! Lakini inchi ndivyo inavyoandikwa na kusemwa na mamilioni ya Wakongo. Hakuna kosa la tahajia hapo. Kuna njia nyingine ambayo neno hilo limepita.

Na kwa nini njia moja ikawa sahihi na nyingine ikawa kichekesho? Sote tumefundishwa. Mkutano wa Mombasa wa 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaanzishwa kamati ya lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Kongo ilikuwa ya Wabelgiji, haikuwamo. Msumbiji ilikuwa ya Wareno, haikuwamo. Usanifu ulitupa vitabu, kamusi na mitihani, nami naushukuru. Lakini mpaka wake ulikuwa mpaka wa himaya. Lugha yenyewe ilikuwa imeuvuka zamani.

Mimi ni mtu wa Palma, kaskazini mwa Cabo Delgado. Kwetu Kiswahili kimekaa ubavuni mwa Kimwani, Kimakonde na Kireno tangu kabla ya babu zetu. Kanda za Remmy zilivuka Ruvuma pamoja na khanga na sabuni, wala hakuna aliyeuliza kama Kiswahili chake ni sanifu. Baba yangu mdogo alizipiga mpaka utepe ukalegea. Nilipokuja ng'ambo hii kusoma, katika insha yangu ya kwanza niliandika shikola, neno letu la skuli litokalo kwenye Kireno. Mhadhiri mmoja alilizungushia wino mwekundu na kuandika: "Hiki si Kiswahili." Hakuandika kwamba ni neno la kilahaja, au kwamba halifai katika insha rasmi, jambo ambalo ningelikubali. Alilifukuza kabisa katika lugha. Nami nilikuwa nimeandika insha hiyo juu ya meza, nje kunapepea bendera. Meza na bendera ni za Kireno pia. Zimetangulia kufika tu, zikapewa uraia.

Kuna watakaosema ninakuza jambo dogo. Si dogo kwa watu wangu. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, vimewatawanya watu wa pwani yetu. Mtu aliyeacha nyumba, mashua na makaburi ya wazee wake hutembea na kitu kimoja kisichoweza kuchomwa moto, nacho ni maneno yake. Ukimwambia mtoto wake kwamba maneno hayo si lugha, umemfukuza mara ya pili. Mimi siwezi kuucheka wimbo unaoitwa "I Want to Go Home" kwa sababu tu umeitwa kwa Kiingereza. Namsikia humo mtu wa Kindu aliye mbali na Kindu.

Tunajivuna sana siku hizi. SADC iliipokea lugha yetu kuwa rasmi mwaka 2019, na Umoja wa Afrika ukaifanya lugha ya kazi mwaka 2022. Vizuri. Lakini tukumbuke kwamba mwaka 2004, katika mkutano wa Umoja wa Afrika kule Addis Ababa, rais aliyesimama na kuhutubia kwa Kiswahili alikuwa Joaquim Chissano wa Msumbiji. Siku hiyo hakuna aliyemwambia arudi na Kireno chake. Hatuwezi kuishangilia lugha inapotoka nyumbani kwenda mbali, kisha tuifungie mlango inaporudi na vumbi la safari miguuni.

Wenzangu, isikilizeni Mambo kuanzia mwanzo mpaka mwisho kabla ya kuihukumu. Mkiikataa baada ya hapo, ikataeni kwa masikio yenu. Nanyi wahadhiri wetu, nawaomba mambo mawili. Wekeni katika orodha za kusoma na kusikiliza Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu na cha Palma, kiwe lugha ya kuchambuliwa badala ya mifano ya makosa. Na wino mwekundu ukifika kwenye neno kama inchi au shikola, uandike linakotoka. Huko nako ni kwa Waswahili.