Kabla ya kununua kitalu nyumba, udongo ukaguliwe

KILIMO cha kitalu nyumba kimewavutia watu wengi, wakiwamo watumishi na wafanyabiashara wadogo ambao shamba lao ni ua ulio nyuma ya nyumba. Wauzaji wa vifaa nao wameongezeka, na kila mmoja ana picha ya nyanya zilizoning'inia kama zabibu. Wapo waliofaidika. Lakini wapo pia waliochukua mkopo wa kikundi au kutumia kiinua mgongo, na baada ya msimu mmoja wakabaki na mabomba ya kuanikia nguo.

Mara nyingi lawama huenda kwa mbegu, au kwa kijana aliyeachiwa kazi ya kumwagilia. Mambo huwa yameharibika mapema zaidi, siku ya kununua, kwa kuwa nyumba iliyoletwa haikufaa kwa mahali pale.

Kazi ya awali ya nyumba hizi, huko katika nchi za baridi, ni kutunza joto. Mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mtwara hana haja ya kutunziwa joto. Nyumba ya plastiki iliyofungwa pande zote, mchana wa Januari, hupita nyuzi joto 40 kwa urahisi, wakati nyanya huanza kuangusha maua joto likipita nyuzi 32 au zaidi kidogo. Mti hurefuka, majani yanapendeza, matunda hakuna. Kwa ukanda huo kinachofaa ni paa la plastiki la kuzuia mvua, kuta za neti, kimo cha mita tatu au zaidi na upenyo juu ya paa wa kutolea hewa moto. Anayelima mchicha na chainizi tu hahitaji hata hicho. Neti ya kivuli juu ya nguzo inamtosha.

Njombe au Lushoto hesabu ni nyingine. Huko usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na plastiki ya pembeni inayoweza kukunjwa asubuhi na kushushwa jioni ina faida yake.

Neti nayo ichaguliwe kwa makini. Tangu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, nyanya za shamba la wazi zimekuwa na gharama kubwa ya dawa. Neti yenye matundu madogo humzuia huyo pamoja na inzi weupe, ila hupunguza upepo, hivyo penye joto kali ukubwa wa neti ya kuta unapaswa kuongezwa. Mlango uwe wa mara mbili. Mlango mmoja unaoachwa wazi na watoto hufuta faida yote ya neti.

Hata hivyo, adui anayefunga vitalu vingi hapiti mlangoni. Mnyauko bakteria hukaa udongoni kwa miaka, na dawa ya kuutibu mmea ukishaugua hakuna. Ua uliowahi kulimwa nyanya, bilinganya, pilipili au viazi mviringo, na mimea ikanyauka ghafla ingali ya kijani, ni wa kutiliwa shaka. Kipimo chake hakina gharama: kata kipande cha shina la mmea ulionyauka, kining'inize katika glasi ya maji safi bila kukitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, mnyauko upo. Hapo mwenye ua apande kwenye mifuko au ndoo zenye udongo uliotoka mahali salama, au apande mboga nyingine. Kujenga juu ya udongo huo ni kununua hasara kwa fedha taslimu.

Maji yahesabiwe pia. Kitalu cha mita 8 kwa 15 huchukua miche 300 hivi ya nyanya ndefu, na mti mmoja mkubwa hunywa lita moja hadi mbili kwa siku. Anayenunua maji kwa madumu aanze na penseli na karatasi. Na muuzaji akizidisha kilo za mavuno kwa bei ya juu kabisa ya sokoni, aulizwe ni bei ya mwezi gani. Nyanya hupanda bei wakati wa masika, mashamba ya wazi yanaposhambuliwa na ukungu. Anayevuna kiangazi pamoja na kila mtu atauza kwa bei ya kila mtu.

Halmashauri kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kinapoomba mkopo wa kitalu nyumba, ofisa ugani atumwe akapime udongo na kuona chanzo cha maji, na taarifa yake iwe ndani ya jalada kabla fedha hazijatoka. Muuzaji naye aonyeshe kitalu alichojenga ukanda huohuo, chenye umri wa miaka miwili au zaidi, ambacho bado kinavunwa.