Kitanda Tusichokilalia

Godoro ambalo baba yangu amelilalia barabarani kwa miaka saba lina jina langu. Niliandika mwenyewe kwa maka pen nyeusi, kwenye kona, mwaka 2016, siku moja kabla ya kuripoti kidato cha tano. Fomu ya kujiunga na shule ilisema kila mwanafunzi aje na godoro la futi mbili na nusu kwa sita, mashuka jozi mbili, blanketi, mto na chandarua, na kila kitu kiwe na jina. Baba alivinunua vyote. Nilipomaliza kidato cha sita godoro halikubaki nyumbani. Alilikunja, akalifunga kamba, akalipakia kwenye lori.

Sasa nasoma shahada ya uzamili, na watu wa umri wangu wanaandika kuhusu mapenzi, siasa na uhamiaji. Mimi naandika kuhusu godoro. Nina jambo moja tu la kusema, na nitalisema mapema ili asiyelitaka aishie hapa: malazi ya dereva wa masafa marefu ni kifaa cha kazi, kama tairi na breki, na anayepaswa kuyanunua ni mwenye gari.

Nyuma ya viti vya lori kubwa kuna ubao mrefu unaoitwa kitanda. Malori mengi yanayopita njia ya Tunduma yalianza maisha yake Ulaya, na yalipotoka kiwandani kitanda hicho kilikuwa na godoro lake. Yakifika kwetu yakiwa yametumika, godoro hilo limekwisha, au halipo kabisa. Tajiri akilipokea gari anabadilisha tairi, anamwaga oili, anapaka rangi, anaandika jina la kampuni mlangoni. Kitanda hakitazami. Dereva ataona mwenyewe.

Mwaka jana, mwezi wa saba, utingo wa baba aliugua malaria na kiti chake kikawa wazi. Chuo kilikuwa kimefungwa. Nikasafiri na baba kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Kwake hiyo ni kama nusu ya safari tu, maana mzigo ulikuwa unakwenda Kongo, kupitia Zambia na mpaka wa Kasumbalesa.

Usiku wa kwanza tulilala Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima Kitonga. Baba alinipa kitanda, yeye akaegemea usukani na miguu akaitupa kiti cha pili. Nilikataa, akaniambia, "Lala mama, mimi nimezoea." Mbuyuni kuna joto hata wakati wa kipupwe. Kava la godoro lilikuwa la nailoni, likanigandia mgongoni kama mfuko wa plastiki. Sponji ilikuwa imekufa katikati, mahali nyonga inapokaa, na chini yake niliusikia ubao, na kwenye ubao niliisikia bolti. Godoro lilikuwa fupi kuliko kitanda, miguu ikaning'inia kwenye pengo. Kwa upana lilizidi, ukingo mmoja ukapanda ukutani na kunisukuma kuelekea viti. Asubuhi niliazima futi kwa fundi: kitanda kilikuwa sentimita 198 kwa 70. Godoro la bweni ni kama sentimita 183 kwa 76. Kwa miaka saba baba amelalia kitu kisichomtosha kwa urefu wala kwa upana, na hajawahi kulalamika kwa sababu ni cha mwanawe.

Usiku wa pili tulikuwa Makambako, na huko baridi ya Julai haina utani. Tulifunga vioo. Pumzi za watu wawili ndani ya kabini iliyofungwa zinageuka maji: kwanza kwenye kioo, kisha kwenye ukuta wa bati, kisha chini ya godoro, ambako joto la mwili linakutana na ubao wa baridi. Alfajiri nililiinua godoro, nikaukuta upande wa chini umelowa na una madoa meusi ya ukungu. Ndiyo maana baba anakohoa, nikajisemea. Nyumbani tulikuwa tunalaumu vumbi.

Kwenye uwanja huohuo wa kituo cha mafuta kulikuwa na gari la wageni, lile lenye kitanda, jiko na sinki ndani yake. Mama mmoja wa Kizungu, mtu mzima mwenye nywele nyeupe, alifungua mlango wa nyuma, akalisimamisha godoro wima lipigwe na jua, akatundika mashuka kwenye kioo cha pembeni. Mashuka yalikuwa yameshonwa kwa kipimo cha kitanda chao, pamoja na kona iliyokatwa mshazari kufuata umbo la gari. Baba alikuwa anakunywa chai na kuwatazama.

"Hao wamestaafu," akasema. "Wanajua kupumzika."

"Na wewe baba?"

"Mimi niko kazini, mama."

Nimelifikiria jibu hilo mwaka mzima. Baba hakuwa anatania. Anaamini kweli kwamba kulala vizuri ndani ya gari ni haki ya aliye likizo, na aliye kazini alale kadiri atakavyoweza. Lakini mama yule akilala vibaya, kesho yake atasinzia kando ya ziwa. Baba akilala vibaya, kesho yake ana tani kadhaa nyuma yake na mabasi ya watu mbele yake.

Asubuhi hiyohiyo, tumeshaipita Igawa, barabara imenyooka na jua limepanda, nilisikia matairi ya kushoto yakipiga kokoto. Nikamtazama baba. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yanaona kitu. Nikapiga kelele, "Baba!" Akalirudisha gari barabarani taratibu, kwa mikono ya mtu aliyeendesha miaka 21. "Niko macho," akasema. Hakuwa macho. Sote wawili tulijua, na hatukuzungumza tena mpaka Chimala.

Kama ningekuwa sipo, na kama gari lingelala mtaroni, taarifa ingesema uzembe wa dereva. Askari wangepima breki na tairi, wangeuliza mwendo. Sidhani kama kuna mtu angeingia kabini akaligeuza godoro.

Sheria yetu inajua kwamba mtu anahitaji kupumzika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na saa 24 kwa wiki. Ni vizuri. Lakini saa hizo ni saa tupu. Kifungu hicho hakisemi mtu azilalie juu ya nini. Wengine walishaona kwamba saa bila kitanda hazitoshi. Kanuni za usalama wa malori za serikali ya Marekani zinataka kitanda cha dereva kiwe na urefu usiopungua inchi 75 na upana usiopungua inchi 24. Kama godoro ni la sponji, unene usipungue inchi nne, na kitanda kiwe na matandiko na mablanketi ya kutosha. Mablanketi, yameandikwa kwenye kanuni za barabara! Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya mwaka 2006, unaruhusu dereva achukue mapumziko ya siku garini ikiwa gari limesimama na lina mahali pa kufaa pa kulala kwa kila dereva. Mapumziko ya wiki ya saa 45 hayaruhusiwi kuchukuliwa garini, na mahakama yao kuu ililithibitisha hilo Desemba 2017. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya sheria hizo ndiyo tunayoyanunua. Tunanunua injini, sheria tunaiacha bandarini.

Nimewaambia watu haya, akiwemo tajiri mmoja ambaye sitamtaja, na nimepata majibu matatu.

La kwanza: dereva analipwa posho, akalale gesti. Anayesema hivyo ndiye huyohuyo anayemwonya dereva asiliache gari. Dizeli ikinyonywa usiku, dereva anakatwa. Turubai likichanwa, anakatwa. Kwenye foleni ya mpakani gari la mbele likisogea saa nane za usiku na wewe uko gesti, nafasi imekwenda. Halafu tuseme ukweli wote: posho hiyo ndiyo ada. Kila usiku ambao baba hakulala gesti, mimi nilikula bwenini. Nimesoma kwa mgongo wake, na sisemi kwa mafumbo.

La pili: ukiwapa vitu vizuri wanaviuza. Umemkabidhi mtu lori, matangi mawili ya dizeli na mzigo wenye thamani ya nyumba, aende nao nchi tatu. Unamwamini kwa vyote hivyo, ila godoro ndilo unaloogopa? Gari likirudi yadi mnahesabu jeki, spana ya magurudumu, minyororo na turubai. Ongezeni mstari mmoja kwenye karatasi hiyohiyo.

La tatu ndilo linaloniudhi, kwa sababu hata madereva wenyewe wanalisema: wamezoea. Wazee wetu walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia siku mbili. Alichokizoea baba ni kuamka na maumivu na kuyanyamazia. Usingizi wenyewe haujamzoea. Unakuja kuchukua deni lake saa nne asubuhi, kwenye barabara iliyonyooka.

Sasa tuseme tajiri amekubali, na anauliza anunue nini kwa bei ya chini. Namjibu, maana nimeshazunguka kwenye maduka na kwa mafundi wa makochi.

Kwanza pima kitanda cha gari lenyewe, usibahatishe. Kisha usinunue godoro la dukani, nunua sponji ikatwe. Fundi wa makochi anakata kwa kisu mbele yako, hata kona akitakiwa kuipunguza. Usidanganywe na unene. Sponji hupimwa kwa uzito wake katika mita moja ya ujazo, na zipo za inchi nane ambazo ni hewa tu. Chukua vipande viwili vya ukubwa sawa, uvinyanyue, na uchague kizito. Kibonyeze kwa goti, na ukiisikia sakafu, kirudishe. Inchi nne za sponji nzito zinatosha, na zinamwachia mtu nafasi ya kukaa bila kugonga kichwa.

Chini ya godoro pigilia fito nyembamba juu ya ubao, hewa ipite, na kila asubuhi godoro lisimamishwe wima kama alivyofanya yule mama wa Makambako. Kava liwe la pamba na liwe na zipu, lifuliwe. Mashuka yawe jozi mbili, na kitenge kilichokatwa kwa kipimo kinafaa kabisa. Blanketi zito moja kwa Makambako, shuka jepesi kwa Mbuyuni. Mto. Kipande cha wavu wa chandarua kinachobanwa na mlango dirisha likiwa wazi, ili mtu asichague kati ya joto na malaria. Basi. Tairi moja jipya la lori ni ghali kuliko vyote hivyo kwa pamoja, na lori hilo halina tairi moja.

Na utingo? Kitanda ni kimoja na watu ni wawili. Utingo wa baba ni kijana wa umri wangu, na analala kwenye viti, leva ya gia ikiwa mbavuni, au chini ya trela juu ya boksi. Yeye pia anahitaji sponji yake ya kukunjwa, na mkeka. Nikidai ya baba nikamsahau yeye, nitakuwa nimefanya kama tajiri.

Mwezi uliopita nilikatisha sponji ya sentimita 198 kwa 70 kwa fedha niliyolipwa kwa kusahihisha mitihani. Nikampelekea baba yadi. Alinishukuru, akalibonyeza kwa mkono, akacheka. Godoro langu la zamani utingo akaomba alichukue. Lilikuwa bado lina jina langu na mchepuo wangu, HKL, na ukungu wake.

Njiani kurudi nyumbani sikuwa na furaha niliyoitarajia. Nilikuwa nimenunua kifaa cha kampuni. Gari si la baba, mzigo si wa baba, faida si ya baba. Ila kitanda, kwa mara ya pili, ni cha familia yake. Watoto wa madereva wakianza kununua na tairi, labda hapo watu watashangaa.

Shule ilijua kwamba mtoto wa miaka 17 hawezi kusoma bila kulala, ikaandika godoro kwenye fomu, kwa kipimo chake. Naomba mwenye gari aandike hivyohivyo kwenye karatasi ya ukaguzi, chini ya jeki na juu ya turubai: godoro moja, mashuka jozi mbili, blanketi, mto, wavu. Na kwenye kona aandike jina lake, si langu.