Saa Iko Kwenye Mkono Wako, Lakini Siri Ni ya Aliyekuandikia

Leo siongei juu ya bei ya unga wala hali ya barabara. Nataka tuongee juu ya kitu kidogo ambacho kimeingia mjini bila kelele: saa ya mkono inayoungana na simu.

Mmeziona. Ziko kwenye maduka ya Birere, za bei kubwa na za bei ndogo. Simu inabaki mfukoni, na saa inapokea habari zake kwa Bluetooth: nani anapiga, nani ameandika, ameandika nini. Kuna saa ambazo kioo chake kinazimika mpaka mwenyewe ainue mkono. Kuna nyingine ambazo kioo hakizimiki. Kinapunguza mwanga tu, kisha kinabaki kinaonyesha saa mchana na usiku. Apple ilileta kioo cha namna hiyo mwaka 2019, kwenye Apple Watch Series 5. Kampuni nyingine zilikuwa zimetangulia, na leo hata saa za bei ya chini zinacho.

Kitu hicho kinasaidia. Motari hahitaji kuachia usukani wa pikipiki ili ajue ni saa ngapi. Muuguzi mwenye mikono ndani ya glavu anaona bila kugusa. Sina ugomvi na saa. Ugomvi wangu ni na maneno yanayoandikwa juu yake mbele ya kila mtu.

Simu ukiiweka mfukoni, imefichika. Saa haina mfuko. Panda taksi-basi iliyojaa, uangalie mtu aliyesimama ameshika chuma cha juu: saa yake iko sawasawa na macho ya aliyeketi. Panda pikipiki: mkono wa motari uko mbele yako safari nzima. Fika kwenye barieri: mkono unaotoa kadi ndio wenye saa, na kioo kinamtazama anayepokea kadi kuliko kinavyokutazama wewe. Mesaji ikiingia dakika ile, wa kwanza kuisoma si lazima awe wewe.

Wengine watasema: «Mimi sina kitu cha kuficha.» Ninasikia jibu hilo mara nyingi. Lakini ndugu yangu, mesaji iliyofika kwako haikuandikwa na wewe. Iliandikwa na mama mkubwa aliyebaki kijijini, anayekuambia nani amehama na nani amebaki. Iliandikwa na dada anayekuomba makuta ya dawa na kukutajia ugonjwa wake. Wao walidhani wanaongea na wewe peke yako. Kama wewe huna cha kuficha, wao wanacho, na hawakukupa ruhusa ya kukitembeza barabarani.

Wengine watasema: «Hayo ni mambo ya matajiri. Sisi wahami tuliokimbia na sufuria na mkeka, saa za namna hiyo tunazitoa wapi?» Hapo ndipo ninapoomba tusikilizane vizuri, maana ni wahami ndio jambo hili linawagusa zaidi. Mhami hana saa, lakini jina lake linafika kwenye saa ya mtu mwingine. Linafika kwa anayeandika orodha ya msaada. Linafika kwa kiongozi wa wahami aliye ndani ya kundi la WhatsApp na watu wa mashirika. Linafika kwa muuguzi, kwa wakala wa makuta, kwa mwalimu, na kwetu sisi waandishi wa habari. Tuseme mtu anayeandika orodha ameketi mezani, mstari wa watu uko mbele yake, mkono umelala juu ya karatasi. Mesaji inaingia kutoka kituo cha afya: jina la mama fulani, na sababu iliyomfanya aende kutibiwa. Watu wawili wa mbele wameisoma. Kabla ya jua kuzama, habari imezunguka bloku zote. Mama huyo hakumiliki saa hata siku moja, lakini ni yeye atakayelipa.

Na makuta je? Tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mwisho wa Januari 2025, makuta mengi yanapita kwa simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Kila ukipokea au kutoa, mesaji inakuja na kiasi ulichopokea na salio lililobaki. Mesaji hiyo ikitokea juu ya mkono wako mbele ya kabini, umetangaza mfuko wako kwa watu usiowajua. Mjini ambamo watu wanaogopa kutembea giza likiingia, hiyo si habari ya kutangaza. Na hata bila mesaji, kioo kinachowaka usiku kinamwambia mwizi kwa mbali kwamba kuna kitu cha kuchukua.

Kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaijui. Ukifungua WhatsApp kwenye simu mpya, kunatumwa namba ya siri ya tarakimu 6. Mtu mwenye namba yako ya simu akiiona hiyo ya tarakimu 6 juu ya saa yako, anaweza kuchukua akaunti yako, kisha awaandikie ndugu zako kwa jina lako: «Nimepata shida, nitumieni dola hamsini.» Ndugu aliye mbali, ambaye anajua mko kwenye vita, hatauliza mara mbili. Atatuma.

Basi tufanye nini? Tutupe saa? Hapana. Tuzime habari zote zisifike? Hapana pia. Tunaishi chini ya Nyiragongo. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipotema moto, na siku chache baadaye wakubwa walipotoa amri ya kuondoka mjini, watu walitafutana kwa simu kutoka Sake mpaka ng’ambo ya Rwanda. Mtu wa hapa hawezi kukaa bila kujua kwamba anaitwa. Lakini kujua kwamba unaitwa ni jambo moja, na kuonyesha maneno ya anayekuita ni jambo lingine. Saa itetemeke, ikuambie kuna mesaji. Maneno yabaki yamefunikwa mpaka wewe mwenyewe uguse.

Saa nyingi za leo zinakubali kupangwa hivyo. Chukua dakika kumi jioni moja, ukae na saa yako.

Kwanza, ingia palipo na alama ya gurudumu lenye meno, ama kwenye saa, ama kwenye programu yake ndani ya simu. Tafuta sehemu ya taarifa. Chagua kwamba saa ionyeshe jina la programu tu, na maneno yatoke ukigusa. Kwenye Apple Watch hilo linapatikana katika programu ya saa iliyo ndani ya iPhone, sehemu ya taarifa.

Pili, angalia kioo kisichozimika. Kama huna haja nacho, kizime. Betri itadumu zaidi, na hapa ambapo umeme unakatika na watu wanalipa ili kuchaji, hiyo ni faida nyingine. Kama unakitaka, kibaki na saa na tarehe peke yake. Apple Watch inakuruhusu kuwacha kioo kiwake huku taarifa zikifichwa unapoteremsha mkono.

Tatu, chagua ni programu gani zina ruhusa ya kufika kwenye saa. Simu za kupigiwa zifike. Mesaji za makuta, za namba za siri na za makundi ya kazi zibaki ndani ya simu. Kwa anayetumia Signal, kuna mahali pa kuchagua taarifa ionyeshe jina na mesaji, au jina tu, au isionyeshe lolote. Na usijidanganye kwamba ukificha maneno kwenye kioo cha simu iliyofungwa, umemaliza. Saa inapewa nakala yake, nayo inaweza kuyaonyesha. Jaribu: mwambie rafiki akutumie mesaji, uangalie saa inaonyesha nini.

Nne, weka namba ya siri kwenye saa yenyewe. Saa nzuri zinajifunga zikivuliwa mkononi. Bluetooth inafika karibu mita kumi, na kuta hazikati kila kitu. Ukienda kuoga na simu yako ikabaki chumbani, saa uliyoiacha juu ya meza kwa jirani itaendelea kupokea mesaji zako.

Tano, na hili ni kwa wenye saa za bei ndogo, ambao ndio wengi: saa nyingi za namna hiyo hazina namna ya kuficha maneno wala namba ya siri. Tena, siku ya kuiunganisha, programu yake inaomba ruhusa ya kusoma taarifa zote za simu. Wengi wanabonyeza «ndiyo» bila kusoma. Kama saa yako haiwezi kuficha maneno, rudi kwenye simu, uondoe ruhusa hiyo. Itabaki kukuonyesha saa na kuhesabu hatua zako, na hakuna atakayedhurika kwa kujua umetembea hatua ngapi.

Sita, kwenye WhatsApp weka ulinzi wa pili, ile namba ya tarakimu 6 unayoichagua wewe mwenyewe. Hata mtu akiona ile iliyotumwa kwa mesaji, atakwama mlangoni. Na siku unauza saa au unampa mdogo wako, itenganishe na simu na ufute kila kitu kilichomo.

Hayo ni ya kila mtu. Lakini kuna ambao kwao jambo hili si la hiari. Ninasema na mashirika yanayoandika orodha za wahami, na vituo vya afya, na viongozi wa avenyu na wa wahami, na wakala wa makuta, na sisi wenzangu wa radio. Mnawaapisha wafanyakazi wenu kutunza siri. Mnafungia makaratasi kabatini. Mnawakataza kupiga watu picha bila kuwauliza. Basi ongezeni sheria moja: anayeketi mbele ya mstari wa watu aivue saa ya namna hiyo, ama aonyeshe kwamba imefungwa maneno. Haihitaji bajeti wala mkutano wa hoteli. Mwandishi wa radio anayeficha jina la shahidi hewani, kisha akawacha jina hilo liwake mkononi mwake ndani ya taksi, hajalinda mtu.

Tena si heshima tu, ni haki. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya barua na mawasiliano yake. Tangu tarehe 13 Machi 2023 kuna pia Sheria ya mambo ya kidijitali, ambayo inalinda habari za watu binafsi. Najua mtu aliyelala chini ya shiti ya plastiki hatakwenda mahakamani kwa sababu ya saa. Ndiyo maana wajibu uko kwetu tunaozivaa, kabla haki yake haijavunjwa.

Na ninyi wahami, msiogope kuuliza. Mtu akikuandika na saa inawaka mkononi mwake, mwambie kwa upole: «Mwanangu, hiyo saa yako inaonyesha mesaji?» Si dharau. Ni jina lako, ni ugonjwa wako, ni mahali watoto wako wanapolala.

Wazee wetu walipokuwa na barua ya mtu, waliikunja, wakaitia ndani ya kitambaa, wakaifunga fundo kwenye pembe ya kikwembe. Aliyetumwa aliibeba siku tatu bila kujua kilichoandikwa ndani, na hakuona haya kutojua. Adabu hiyo ilikuwa yetu kabla ya Bluetooth. Tusikubali kifaa cha dola ishirini kitufundishe kuisahau. Jioni hii, kabla ya kulala, funika maneno.